Mashine zilinisemesha kabla ya jirani

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Ukiwa ugenini, ni jambo gani la kila siku lililokuwia gumu kulizoea?" Niliishi Kobe, Japani, karibu miaka miwili nikisoma lugha. Watu wakiniuliza swali kama hili hutarajia nitaje samaki mbichi au matetemeko ya ardhi. Kwangu mimi lilikuwa salamu.

Sauti ya kwanza ya Kijapani niliyoisikia maishani ilitoka ndani ya gari la mjomba wangu, Tanga. Kila alipowasha, mwanamke asiyeonekana alitamka sentensi moja ndefu, kwa upole, nasi watoto tukaikariri kama shairi. Wenye magari ya mtumba kutoka Japani mnamjua huyo mama. Nilikuja kumwelewa miaka mingi baadaye: alikuwa akimkumbusha dereva kwamba kadi ya kulipia barabara kuu haijachomekwa. Gari limeshavuka bahari, yeye bado anakumbusha. Nadhani ni yeye aliyenitia hamu ya kujifunza lugha ile.

Nilipofika Kobe nikamkuta kila mahali. Lifti inataja ghorofa. Bafu linapiga muziki na kutangaza kwamba maji yamepata moto. Lori likikata kona linawaonya wapita njia kuwa linakwenda kushoto. Lakini watu hawasemi. Kwenye ngazi za jengo letu nilipishana na majirani kila asubuhi, nao waliinamisha kichwa kidogo, wakapita.

Aliyelelewa Tanga anajua uzito wa jambo hilo. Mtoto akimpita mtu mzima bila shikamoo, habari hufika nyumbani kabla yake. Na salamu haiishii kwenye neno moja. Kuna habari za kutwa, za nyumbani, wazee hawajambo, mgonjwa wenu anaendeleaje. Mtu akikupita kimya, ana lake jambo nawe. Basi majuma yale ya mwanzo nilikuwa nikirudi chumbani kwangu, chumba cha mikeka sita (ndivyo wanavyovipima), najiuliza nimemkosea nani.

Kwenye treni tangazo linaomba abiria wazime milio ya simu na wasiongee nayo. Siku ya tatu mama alinipigia nami nikapokea, maana nisingepokea angekesha na wasiwasi. Sikupaza sauti. Hata hivyo behewa zima lilitazama chini. Hakuna aliyenikemea, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Kwetu konda angesema neno, bibi mmoja angeongezea lake, yakaisha. Siku nyingine kiti cha pembeni yangu kilibaki kitupu hadi mwisho wa safari, na watu wamesimama. Wapo wanaosema ni haya tu. Naamini sehemu ni haya, na sehemu ni woga wa mgeni, hasa mgeni mweusi, na sitaki kuupaka sukari. Nilipokuwa natafuta chumba, wakala alipiga simu kwa wenye nyumba mbele yangu, na mara tatu nililisikia neno "gaikokujin", mtu wa nchi ya nje, likifuatwa na samahani ndefu.

Lugha yenyewe ilinipokea vizuri kuliko watu. Irabu ni zile zile zetu tano, a, e, i, o, u, na silabi zinakwenda kama za kwetu: na, ni, nu, ne, no. Wenzangu waliozoea lugha nyingine walihangaika kutamka maneno ambayo mimi niliyatamka siku ya kwanza. Maandishi ndiyo yaliyonitoa jasho, maana alama za kanji, zile zinazosimamia maneno, zilizowekwa kwa matumizi ya kawaida ni 2,136. Wengine huanza na mlima na mto. Mimi nilianza na "nguruwe" na "pombe", ili nisome vifurushi vya chakula dukani kabla ya kununua.

Ila ulimi wa Kiswahili una mtego wake. Sisi tunavuta silabi ya pili kutoka mwisho bila kujua kwamba tunavuta. Kwa Kijapani, kuvuta kunabadili neno. Nikiwa mwanafunzi niliruhusiwa kufanya kazi hadi saa 28 kwa wiki, nami nilipata kibarua cha jioni kwenye kiwanda cha kupanga vyakula kwenye visanduku. Msimamizi wa mstari wetu alikuwa mama wa miaka hamsini hivi. Nikataka kumwita kwa heshima, kama ninavyomwita mtu "mama" au "shangazi", nikatumia "obasan". Nikaivuta "ba", ikawa "obaasan", yaani bibi kizee. Mikono ya watu ilisimama juu ya wali. Kesho yake mwalimu wangu alinieleza kwamba hata ningetamka sawasawa nisingekuwa salama, maana mtu wa kazini huitwa kwa jina la ukoo na "san", neno la heshima, baada yake. Kwetu umri ni heshima unayompa mtu. Pale nilikuwa nimemzeesha mbele ya watu wake. Nilimwomba radhi kwa kuinama, akainama pia, na hatukulirudia tena.

Kiwandani humo tulisimama saa tano mfululizo, macho tu ndiyo yanayoonekana, na hakuna anayesema. Lakini zamu ikiisha, kila mmoja alimwambia kila mwenzake: "Otsukaresama deshita." Nikadhani ni kwaheri. Darasani mwanafunzi mmoja akaomba tafsiri, na mwalimu akajaribu Kiingereza mara mbili tatu, akakwama. Akalipasua neno ubaoni: ndani yake mna "uchovu", mbele na nyuma limevishwa heshima. Nikajikuta nimesema kwa sauti, kwa Kiswahili, "Pole na kazi!" Mwalimu akaniomba nieleze. Nikamwambia kwetu tunampa pole mtu aliyefanya kazi, hata kama hakuumia na hakufiwa. Alifurahi, akaliandika chini ya lile la kwake.

Kuanzia siku hiyo nilianza kusikiliza upya. Nikagundua kuwa anayeingia nyumba ya mtu husema "ojama shimasu", maana yake nakuingilia, nakusumbua. Hiyo ni hodi. Anayerudi nyumbani husema "tadaima", na aliye ndani hujibu "okaeri", umerudi. Maneno yapo, tena mengi. Kila neno lina mlango wake, na mimi nilikuwa nimesimama njiani nikingoja kusalimiwa mahali ambapo salamu haikai.

Ndipo nikamweleza mwalimu kuhusu majirani. Akaniuliza: "Ulipohamia, uliwapelekea nini?" Sikumwelewa. Kwetu anayehamia hutulia, jirani ndiye huja kumjua, pengine na sahani ya vitumbua. Kule anayehamia ndiye anayebisha milango, akajitambulisha na kuacha zawadi ndogo, taulo au sabuni. Mijini vijana wengi wameacha, lakini wazee wanakumbuka. Miezi miwili mimi nilikuwa nawangoja wao, na wao wananingoja mimi.

Nikanunua sabuni za kufulia tatu, nikazifungasha. Mlango wa kwanza hawakufungua. Wa pili kijana alipokea, akashukuru, akafunga. Wa tatu alitoka bibi mmoja, mfupi, akashika sabuni kwa mikono miwili. Kesho yake alikuja na kalenda ya taka, akanifundisha kwa kidole: za kuchoma siku zake, plastiki siku yake, chupa na makopo siku yake, zote ziwe nje kabla ya saa mbili asubuhi. Jengo zima, nadhani, lilikuwa limesubiri mtu aniambie hayo.

Ijumaa nilikuwa na kwa kwenda: msikiti wa Kobe, wa kwanza kujengwa Japani, mwaka 1935, uliosalimika mabomu ya 1945 na tetemeko la 1995. Pale nilisalimiwa mpaka kiu yangu ikakatika. Lakini nilianza kufurahia pia kurudi kwenye jengo letu la kimya, kwa sababu bibi akisikia funguo zangu alikuwa akisema "okaeri" kutoka ndani, mlango ukiwa umefungwa.

Mwezi Januari wa mwaka wangu wa pili aliniuliza kama naweza kuamka mapema tarehe 17. Tulikwenda bustani ya Higashi Yuenchi gizani, baridi ikiuma masikio. Taa za mishumaa zilikuwa zimepangwa chini zikiandika 1.17, yaani mwezi wa kwanza, tarehe 17. Saa kumi na moja na dakika arobaini na sita alfajiri, saa ile ile ambayo ardhi ilitikisika mwaka 1995 na kuua watu zaidi ya 6,400, watu wote waliinamisha vichwa. Nimekaa kwenye ukimya mwingi Japani. Huo haukufanana na mwingine wowote. Tulisimama bega kwa bega na watu nisiowajua.

Bibi hakuniambia alimpoteza nani. Kwetu ningeuliza, nikampa pole, nikataka na jina la marehemu nimwombee. Sikuuliza. Njiani kurudi alisimama kwenye mashine ya vinywaji, akanunua makopo mawili ya chai ya moto, akanipa moja nipashie mikono moto. Mashine ikamshukuru kwa sauti yake ile ya upole. Nami nikamwambia bibi, "Otsukaresama deshita." Neno lenyewe ni la kazini, sijui kama lilifaa. Aliitikia kwa neno lilo hilo, tukaendelea kupanda kilima.