Apache inaanguka jioni tu? Usikimbilie kuongeza RAM

Mkuu, umeuliza kwa nini Apache yako (seva ya tovuti) yenye MPM ya event (moduli inayoamua jinsi Apache inavyogawa maombi) inadondosha wateja jioni, halafu usiku wa manane inatulia kama hakuna kilichotokea. Wengi hapo juu wamekushauri ununue RAM. Mimi naona usubiri kidogo, kwa sababu mstari wa logi ulioubandika, AH00052 na Segmentation fault (11), hauongelei uchache wa RAM. Soma namba ya signali kwanza, ndiyo inayotaja prosesi imekufaje. 9 mara nyingi ni kernel (kiini cha mfumo) imeua prosesi kwa kuishiwa kumbukumbu, na amri ya dmesg itakuonyesha. 6 kwa kawaida ni glibc (maktaba ya C ya Linux) imekuta kumbukumbu imevurugwa ikajizima yenyewe. 11 ni kodi iliyogusa anwani isiyoruhusiwa. Basi mtafute aliyegusa.

Na kumbuka prosesi moja ya event inabeba thredi 25 (wafanyakazi wanaokwenda sambamba wakitumia kumbukumbu moja) usipobadilisha ThreadsPerChild. Thredi moja ikigusa pabaya, zote zinaondoka nayo. Ndiyo maana wateja wanakatika kwa makundi.

Bila faili la kore, yaani picha ya kumbukumbu ya prosesi ilipokufa, utabaki kubahatisha. Weka CoreDumpDirectory kwenye folda ambayo www-data (mtumiaji anayeendesha Apache) anaweza kuandika, na LimitCORE=infinity kwenye huduma ya systemd, msimamizi wa huduma za Linux. Usitumie /tmp: kwenye Debian huduma ya apache2 inawashwa ikiwa na PrivateTmp (inapewa /tmp yake ya peke yake), utatafuta kore mpaka uchoke na kumbe ipo kwenye folda ya siri ya systemd. Kama una systemd-coredump, coredumpctl gdb inatosha, itafungua kore ndani ya gdb, chombo cha kuchunguza ajali za programu. Weka na simboli za debugi (majina ya kazi zilizo kwenye kodi), la sivyo utaona alama za kuuliza tupu.

Ukishaingia gdb, watu wengi huandika bt (orodha ya kazi zilizokuwa zikiitana), wanaona fremu ya juu, yaani kazi ya mwisho kuitwa, wanaanza kurekebisha hapo. Hapo ndipo muda unapopotea. Andika thread apply all bt. Thredi nyingi zitakuwa zimelala zikisubiri kazi, ziruke. Unazozitaka ni zile zilizokuwa kazini sekunde ileile, maana iliyokufa inaweza kuwa imeonewa tu.

Niliwahi kukabidhiwa seva yenye moduli mbili za C zilizoandikwa na mafundi wawili wasiofahamiana: moja inasoma kuki, nyingine inachagua lugha kutoka Accept-Language, sehemu ya ombi inayotaja lugha anazotaka mteja. Kila kore ilionyesha kifo ndani ya moduli ya lugha, karibu na __strtok_r, kazi ya C inayokata maandishi vipande vipande. Timu ilishaipitia mstari kwa mstari. Tena walijipa moyo kwamba strtok_r ni salama kwa thredi, kwa hiyo tatizo liko kwingine. Lakini kwenye glibc za karibuni strtok ya kawaida nayo inaiita __strtok_r kwa ndani, na jina lake lenyewe linaweza lisionekane kabisa kwenye bt. Kodi ilikuwa inaita strtok.

Strtok inakumbuka ilipoishia kwenye pointa (alama ya mahali kwenye kumbukumbu) moja tu, na pointa hiyo ni ya prosesi nzima. Thredi A inakata "sw,en;q=0.8", inapata sw. Kabla haijaomba kipande cha pili, thredi B kwenye moduli nyingine inaanza kukata kuki. A ikirudi na strtok(NULL, ","), inaendelea kwenye kuki ya B. Ombi la B likiwa limekwisha na kumbukumbu yake imerudishwa kwa kernel, A inakufa. Jioni kuna maombi mengi kwa pamoja, usiku hakuna wa kugongana naye.

Kilichonitisha zaidi si kuanguka. APR, maktaba ya Apache inayogawa kumbukumbu, haina haraka ya kuirudisha, kwa hiyo mara nyingi thredi haikufa, ilisoma tu data ya mtu mwingine ikaendelea na kazi. Dawati la wateja lilikuwa na malalamiko ya watu kujikuta ndani ya akaunti zisizo zao, na hakuna aliyeyahusisha na jambo hili. Kaulize kwenu.

Huhitaji kodi ya chanzo kuanza kushuku. Endesha nm -D (inaorodhesha majina ya kazi) kwenye kila faili la moduli la .so uliloongeza, tafuta strtok, localtime, gmtime, setlocale, ambazo si salama kwa thredi. Ukiona strtok bila _r, hiyo ni mshukiwa. Mbadala ni strtok_r au apr_strtok. Helgrind, chombo cha kunasa thredi zinazogongana, nayo inasaidia, ila inapunguza kasi karibu mara mia, usiiweke kwenye seva inayohudumia watu. Kwa mod_php, kama PHP yako si ZTS (iliyojengwa kwa ajili ya thredi) haitakiwi kukaa na event kabisa, hamia FPM, inayoendesha PHP kwenye prosesi za pembeni.

Kwa leo, zima mpm_event uwashe mpm_prefork, ambayo kila prosesi ina thredi moja tu. Ajali zikikoma, umepata ushahidi mzuri kwamba ni thredi. Utapoteza HTTP/2, maana tangu 2.4.27 haifanyi kazi na prefork, na hapo ndipo RAM utaihitaji kweli. Ila chukua kore moja kabla hujahama, kisha bandika hapa bt ya thredi zote, usitukatie.