Niliandika no, seva ikasoma yes

Jumanne usiku kijana mmoja wa Mbeya aliniandikia: "Shikamoo kaka. Nimezima kuingia kwa nywila kwenye seva yangu ya Ubuntu, nimewasha upya ssh, lakini nikiandika nywila bado inanipokea. Nimekosea wapi?" Ssh ni programu ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali. Nilisoma ujumbe ule mara tatu. Mwaka 2022 sikujua hata kuuliza swali hilo, na kutojua huko kulinipotezea kazi niliyoihangaikia miaka miwili.

Nilikuwa natunza seva ya chama kimoja cha akiba na mikopo cha wakulima. Nilitengeneza ufunguo wa ssh, yaani faili la siri la kuingilia badala ya nywila, nikafungua faili la mipangilio, /etc/ssh/sshd_config, nikaandika PermitRootLogin no (akaunti kuu isiingie) na PasswordAuthentication no (nywila isikubaliwe), nikawasha upya, nikaingia kwa ufunguo. Ikakubali papo hapo. Kwenye kikao nikamwambia mwenyekiti kwamba sasa asiye na ufunguo haingii. Nilijivunia sana siku ile.

Wiki ya tano mama mhasibu akanipigia: "Mwanangu, mfumo leo unatambaa, wanachama wamejaa dirishani." Nikafungua top, inayoonyesha programu zinazoendeshwa. Juu kabisa kulikuwa na programu nisiyoijua, inakula prosesa karibu yote, na mwenye kuiendesha ni akaunti ya karani. Akaunti hiyo niliifungua mwenyewe siku ya mafunzo, nywila karani123, nikasahau kuifuta. Nikaenda kwenye /var/log/auth.log, logi ya wanaojaribu kuingia. Failed password (nywila imekataliwa), Failed password, maelfu ya mistari, usiku na mchana, kutoka anwani za kila pembe ya dunia. Halafu saa tisa na dakika kumi na moja usiku, mstari mmoja: Accepted password for karani, yaani nywila ya karani imekubaliwa. Mikono iliniisha nguvu. Mtu nisiyemjua alikuwa anachimba sarafu za kidijitali kwa seva ya wakulima.

Kosa lilikuwa wapi? Kwenye Ubuntu za siku hizi, karibu na mwanzo wa sshd_config kuna mstari wa Include unaovuta mafaili yote ya folda ya /etc/ssh/sshd_config.d/. Seva nyingi za kukodi huja na faili la 50-cloud-init.conf humo, linaloandikwa na cloud-init, programu inayoandaa seva mpya, na ndani yake mstari mmoja: PasswordAuthentication yes. Kanuni ya sshd, programu ya seva inayopokea wanaoingia kwa ssh, ni kwamba thamani inayosomwa kwanza ndiyo inayoshika. No yangu ilikuwa chini, yes ilikwisha kupita. Na ile logi ilikuwa ikinieleza wiki zote tano, kwa maana mlango wa nywila ukifungwa kweli, sshd haiombi tena nywila. Kwa kawaida mistari ya Failed password hukoma au hupungua sana.

Fedha za wanachama hazikuguswa. Nakala rudufu zilikuwepo, nikasimika seva upya siku mbili bila kulala. Hata hivyo mkataba wangu haukuongezwa, na mjumbe mmoja alisema mbele ya kikao kizima kwamba vijana wa kompyuta ni waongo. Neno hilo bado liko kifuani. Sikudanganya. Nilitoa taarifa ya nilichoandika kwenye faili, wakati wao walistahili taarifa ya kile seva inachofanya.

Basi ndugu zangu, ninyi mnaotaka kuaminiwa na seva za watu, iulizeni seva yenyewe. Amri ni sudo sshd -T | grep -i passwordauthentication. Hiyo inatoa mpangilio ambao sshd itautumia ikiwashwa upya, mafaili yote yakishajumlishwa. Kisha toka nje ujaribu kama mwizi: ssh -o PubkeyAuthentication=no jina@anwani, yaani bila ufunguo. Jibu unalolitaka ni Permission denied (publickey), yaani umekataliwa, ufunguo tu ndio unaokubaliwa. Ukiombwa nywila, bado hujafunga. Angalia pia KbdInteractiveAuthentication, njia ya kuingia kwa kujibu maswali, iwe no, kwa sababu nywila hupita hata huko.

Kabla ya kuwasha upya, sudo sshd -t ikague makosa ya uandishi, na dirisha la pili ulilokwisha kuingia liache wazi mpaka uhakikishe. Fail2ban weka, programu inayowafungia wanaokosea nywila mara nyingi; kwa kawaida yake anayekosea mara tano ndani ya dakika kumi hufungiwa dakika kumi. Lakini usiitegemee hiyo ukaacha akaunti kama karani. Futa akaunti za majaribio siku hiyo hiyo. Narudia: siku hiyo hiyo. Na ukishapima, pima tena baada ya kila sasisho kubwa. Mtu anayekukabidhi akiba ya mama yake anastahili dakika mbili zako.

Kijana wa Mbeya alilikuta faili lile lile la cloud-init. Amelirekebisha, na jana amenitumia picha ya Permission denied (publickey). Nimempongeza, kisha nikamwomba arudi kwenye auth.log ya siku zote mlango ulipokuwa wazi, atafute Accepted password, alinganishe kila saa na saa alizoingia yeye. Nasubiri jibu lake.