Paipu ya breki iliyooza kwa kutu: usiiunge, badilisha

Ndugu, umeuliza kama unaweza kukata kipande kilichooza cha paipu ya breki ya nyuma kwenye pikapu yako kuukuu, kisha uunge kwa kiungio cha kubana. Hapana. Ukikanyaga breki kwa nguvu, shinikizo la mle ndani hupita la tairi zaidi ya mara 20. Kiungio hicho kinaweza kuchomoka wakati unakihitaji zaidi.

Badilisha paipu nzima. Nunua ya mchanganyiko wa shaba na nikeli: hailiwi na kutu kama ya chuma, na inakunjika kwa mkono. Nati za zamani zipulizie dawa ya kulegeza kutu, uziache zilowe usiku kucha.

Kazi yenyewe iko kwenye mdomo wa paipu. Ingiza nati kwanza (wengi husahau, wakaanza upya), ndipo upanue mdomo ufuate umbo la ule wa zamani. Ukiona ufa au umekaa upande, kata urudie.

Ukimaliza, toa upepo ulioingia kwenye paipu za breki, kisha mwenzako akanyage pedeli kwa nguvu huku wewe ukikagua kila kiungo kwa tochi.