Hendibreki ya mguu, na maswali mengine kutoka Kigoma

*Shikamoo mwalimu. Nimenunua Passo iliyotumika Japani, juzi ndiyo imefika. Katikati ya viti hakuna hendibreki kabisa, na aliyeniuzia nikimpigia hapokei. Wameing'oa? (Dada wa Gungu)*

Marahaba dada. Msamehe muuzaji kwa hili, hajaing'oa. Kaa kwenye kiti cha dereva, inama uchungulie chini kushoto kabisa, pale ambapo kwenye gari la manyuali pangekuwa na klachi. Kuna pedali ndogo imekaa juu kidogo kuliko ya breki ya kawaida. Ndiyo hiyo. Passo nyingi zinayo, Sienta pia, na Prius za zamani. Kwa Kiswahili tunaishia kusema breki ya mkono inayokanyagwa kwa mguu, na mpaka leo sijasikia jina lililo bora zaidi.

Mguu wa kulia ubaki kwenye breki ya kawaida, wa kushoto ukandamize hiyo ndogo mpaka ikaze. Utasikia inakwaruza, krrr. Kuiachia, kwa nyingi za Toyota unaikanyaga tena kwa nguvu kidogo, inajirudia juu yenyewe. Ukiona haijirudii, tafuta kishikio cha kuvuta chini ya dashibodi. Angalia na kapeti la miguuni: likijikunja chini ya pedali, utadhani umekaza kumbe umekandamiza kapeti. Na kama umezoea kuendesha Canter ya nyumbani, siku mbili za mwanzo uwe macho, mguu wa kushoto utaitafuta klachi na utaikuta hiyo.

Kwa mwingine ambaye gari lake halina mkono wala pedali: tafuta swichi yenye herufi P ndani ya duara, karibu na gia au pembeni mwa usukani. Unaivuta juu kukaza. Kuachia, gari liwe limewashwa, kanyaga breki, bonyeza chini. Betri ikifa kabisa gari likiwa limekazwa, usitegemee kulisukuma. Litafutie umeme kwanza.

*Gari langu ni otomatiki. Nikiweka P halisogei. Sasa hendibreki ya nini? (Kijana wa Katubuka)*

Halisogei, ndiyo. Lakini unajua kinacholishika? Ndani ya gia boksi kuna kijino cha chuma kinachozama kwenye meno ya gurudumu moja dogo. P ni hicho kijino tu, breki zako hazijagusa kitu. Ukiegesha kwenye tambarare za Ujiji chini ya miembe, hakina kazi kubwa. Egesha pale barabara ya Lumumba inaposhuka kutoka Mwanga kwenda stesheni, watu wanne ndani, na uzito wote wa gari unakilalia hicho kijino. Ule mshtuko wa "tak!" unaousikia ukitoa P mlimani ndiyo kilio chake.

Kwa hiyo mpangilio ni huu. Simama, mguu ubaki kwenye breki. Weka N, yaani gia huru. Vuta hendibreki. Legeza mguu taratibu, gari lijilaze lenyewe juu ya hendibreki; likisogea, irudishe breki uvute zaidi. Likitulia ndipo uweke P. Ukiondoka, fanya kinyume: kanyaga breki, toa P kwanza, hendibreki mwisho. Wa manyuali, baada ya hendibreki acha gia ya kwanza ukiwa umetazama mlimani, na ya kurudi nyuma ukiwa umetazama bondeni.

Nakuambia haya kwa sababu nililipia. Nilisimamisha IST kwenye mteremko wa kwenda Kibirizi, haraka haraka, niwahi samaki, migebuka, kabla haijaisha. Nikasukuma gia nikijua nimefika P, kumbe nimeishia kabla. Hendibreki sikuigusa. Nikiwa nabishania bei nikasikia watu wanapiga kelele, nageuka, gari langu linakwenda polepole kama mtu anayetoka msikitini. Lilisimamishwa na madumu ya mawese ya lita 20. Mawili yalipasuka. Mama mwenye mali hakunitukana hata neno moja. Alihesabu yaliyobaki, akanitazama, akanyoosha mkono. Migebuka sikununua siku hiyo.

Tangu hapo naongeza na usukani. Ukiwa umeegesha kushoto umetazama bondeni, zungusha tairi za mbele zielekee kushoto, nje ya barabara. Ukitazama mlimani na pembeni kuna ukingo wa zege, zielekeze kulia, ili gari likirudi nyuma tairi iegemee ukingo. Pasipo na ukingo, kushoto tu. Najua utasema kushoto kwetu ni mtaro. Gari kwenye mtaro linatolewa na vijana sita.

*Mkono wa hendibreki unapanda mpaka karibu kusimama wima ndipo unashika. Fundi anasema ni kawaida ya gari kuukuu. (Baba wa Mwanga)*

Shikamoo baba. Si kawaida. Uvute taratibu uhesabu ile milio, ta, ta, ta. Magari mengi madogo yanapaswa kuwa yameshika kwenye mlio wa sita au wa saba hivi. Ukipita kumi, aidha viatu vya breki, vile vinavyobana ndani ya dramu za magurudumu ya nyuma, vimelika au kebo imelegea. Mwambie fundi afungue dramu kwanza arekebishe viatu, kebo iwe mwisho. Wengi wanakimbilia kukaza nati ya kebo kwa sababu ni kazi ya dakika tano, matokeo yake breki za nyuma zinabaki zimegusa muda wote. Kipimo: akimaliza, inua tairi za nyuma, achia hendibreki, zungusha kwa mkono. Zizunguke bila kukwama.

*Nimeendesha kutoka Mwanga mpaka Ujiji nimesahau hendibreki. Harufu ya kuungua na gari zito. Nimeharibu? (Dereva mpya)*

Inategemea ilikuwa imekaza kiasi gani. Achia, egesha sehemu tambarare, weka P au gia, liache lipoe. Usimwagie maji, chuma cha moto kinaweza kupasuka. Likishapoa jaribu breki kwa mwendo mdogo. Zikiwa laini au harufu ikirudi, usiendelee, mpigie fundi.

*Nimeachia hendibreki lakini taa nyekundu haizimiki.*

Fungua boneti uangalie mafuta ya breki. Taa hiyo hiyo huwaka yakipungua. Yakiwa chini, usijaze tu ukaondoka. Yamekwenda mahali fulani, au pedi zimelika. Yakiwa sawa, huenda ni swichi ndogo kwenye mkono au pedali imekwama.

*Naenda Dar kwa treni, nitakaa mwezi na zaidi. Gari nilivute hendibreki?*

Kama ni tambarare, hapana. Mvua na unyevu wa ziwa vinashikisha viatu kwenye dramu kwa kutu. Weka P au gia, kisha mawe mbele na nyuma ya tairi.

*Breki zikikatika nikishuka kutoka Manyovu, nivute hendibreki? (Anayeogopa milima)*

Ndiyo, ila usiivute kwa pigo moja, tairi za nyuma zitafunga na gari litageuka. Kwanza pampu pedali ya breki haraka haraka, pengine itarudi. Shusha gia: otomatiki nenda kwenye 2, halafu L. Hendibreki ivute kidogo kidogo, kidole gumba kikiwa kimebonyeza kitufe muda wote ili uweze kuilegeza tairi zikianza kuteleza. Ya swichi, ivute na uishikilie bila kuachia. Ya mguu ndiyo ngumu, maana ukishaikanyaga inajifunga yenyewe. Ikandamize polepole, na kama ina kishikio cha kuachia, kivute kwa mkono wakati unakanyaga.