Kustaafu Baada ya Miaka Mingi ya Kuandika Programu

Swali: Ndugu Mhariri, mwakani ninatimiza miaka 60 na kustaafu kazi ya kuandika programu za benki kwa lugha ya COBOL, ambayo vijana wetu hawaijui. Niondokeje bila kuacha pengo? – Msomaji, Dar es Salaam

Jibu: Ndugu msomaji, hofu yako ina msingi. COBOL ilibuniwa mwaka 1959, lakini Aprili 2020, maombi ya mafao ya wasio na ajira yalipofurika kwa sababu ya UVIKO-19, Gavana Phil Murphy wa New Jersey, Marekani, aliomba hadharani wanaoijua COBOL wajitolee kusaidia, kwa kuwa mfumo wa mafao hayo ulitumia lugha hiyo. Anza makabidhiano sasa. Usieleze tu programu inafanya nini, kwa kuwa msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, huonyesha hilo. Andika sababu: kwa nini riba hukokotolewa kabla ya makato, kwa nini kazi ambazo mfumo hujifanyia usiku hufuata mpangilio ule, na ni kanuni gani iliyofutwa zamani ambayo bado imo ndani ya programu. Kisha mwachie kijana afanye marekebisho ya kweli, wewe ukiwa karibu naye. Ukiombwa kurudi, jambo ambalo kwa maoni yangu ni heshima, kubali kwa mkataba wenye muda na malipo. Siku ya mwisho, hakikisha ruhusa zako zote za kuingia kwenye mfumo zimefutwa, nawe upewe uthibitisho wa maandishi.