Maswali na Majibu: Matiti bado yanauma baada ya upasuaji wa kuyaongeza

Barua nyingi mara hii ni za wanawake waliowekewa vipandikizi vya silikoni. Waliambiwa maumivu yataisha baada ya wiki moja, na hayajaisha.

Niko wiki ya tatu. Kifua kinabana kama nimefungwa mkanda, hasa asubuhi. Kuna kitu kimeharibika?

Muulize daktari wako kama kipandikizi kimewekwa juu ya msuli wa kifua au chini yake, maana jibu hilo linaeleza mengi. Kikiwekwa chini, msuli hunyanyuliwa kutoka kwenye mbavu na sehemu yake ya chini hukatwa ili kupata nafasi. Msuli uliovutwa hivyo hujikaza wenyewe, na usiku mwili ukitulia saa nyingi hukakamaa zaidi. Kubana huku kwa kawaida hupungua sana kati ya wiki ya 4 na ya 6. Vipandikizi vyenyewe hushuka na kulainika polepole, miezi 3 hadi 6.

Lala chali, kichwa na mgongo vikiwa juu ya mito miwili au mitatu, na mto mdogo chini ya kila mkono. Ukiamka usijisukume kwa mikono: shusha miguu kwanza, halafu jiinue kwa nguvu za tumbo na mapaja. Zungusha mabega kuelekea nyuma taratibu, mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Wengi hutembea wamekunja mabega kujikinga, na baada ya muda shingo na mgongo wa juu huanza kuuma. Hayo si maumivu ya titi kabisa, na dawa yake ni kunyooka.

Kipimo tunachokiamini kuliko vyote ni kulinganisha wiki iliyopita na hii, na kulia na kushoto. Maumivu yanayopungua, hata kidogo kidogo, ni ya kupona. Yaliyokwisha yakarudi, au yanayopanda upande mmoja tu, yanataka uchunguzi.

Chuchu moja imekufa ganzi. Nyingine hata nguo ikiigusa nashtuka, na mara napigwa kama shoti ya umeme. Ni miezi miwili sasa.

Mishipa ya fahamu ya chuchu hupita kati ya mbavu na kuingia titini kutoka pembeni. Ulio muhimu zaidi ni wa nne. Nafasi ya kipandikizi inapotengenezwa, mishipa hiyo huvutwa, hubanwa, wakati mwingine hukatika. Mshipa unaoota upya husogea takribani milimita 1 kwa siku, kwa hiyo kuwaka, kuwasha na shoti za sekunde chache vinaweza kudumu miezi mingi. Kwa kawaida shoti hizo ni za mshipa unaoamka. Ganzi ikizidi mwaka huenda isiondoke. Mgonjwa ana haki ya kuambiwa hilo kabla ya kutia sahihi, na inatuuma kuona wengi hawaambiwi.

Chuchu inayoshtuka izoeshe taratibu, jeraha likiwa limefunga: ipapase kwa kitambaa laini dakika mbili tatu, mara kadhaa kwa siku, kisha baada ya wiki moja tumia kitambaa kigumu kidogo. Kama usingizi unakatika, mwambie daktari. Paracetamol haifanyi kazi sana kwenye maumivu ya mishipa ya fahamu, na zipo dawa zake maalumu, kama gabapentini, ambazo huandikwa na daktari.

Na tafadhali usikandwe kwa maji ya moto. Mama au shangazi atataka kukukanda kama mzazi aliyetoka kujifungua, kwa mapenzi tu, lakini ngozi yenye ganzi haikuambii kwamba inaungua. Barafu nayo ifungwe kwenye taulo, isizidi dakika 15.

Nimeze dawa kiasi gani?

Paracetamol ya mg 500: vidonge 2 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Ukiwa na uzito chini ya kilo 50, kipimo hupunguzwa, muulize mfamasia. Daktari akiruhusu, na kama huna vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo wala pumu, ongeza ibuprofen mg 400 kila saa 8 baada ya kula.

Kosa la kawaida hutokea duka la dawa. Mtu anaomba "kitu cha nguvu" anauziwa kidonge kinachochanganya diklofenaki na paracetamol, naye anakimeza juu ya dozi aliyo nayo. Hapo paracetamol inazidi na kuumiza ini, huku diklofenaki na ibuprofen zikishambulia tumbo na figo kwa pamoja. Soma pakiti.

Mke wangu ana wiki mbili tangu upasuaji na anataka kurudi kwenye kazi za nyumbani.

Bado, kaka. Asinyanyue kitu kizito mpaka wiki ya 6, au mpaka daktari wake aruhusu; ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Kusonga ugali, kukanda unga wa chapati, kukuna nazi na kufua kwa mikono vyote vinatumia msuli uleule uliojeruhiwa. Mtoto apandishwe mapajani na mtu mwingine mama akiwa ameketi. Kama anaswali, kusujudu kunaweka uzito mikononi, basi kwa sasa aswali akiwa kwenye kiti.

Nina kamba ngumu chini ya titi, inavuta nikiinua mkono.

Mara nyingi huo ni mshipa mdogo wa damu ulioganda chini ya ngozi, unaoitwa ugonjwa wa Mondor. Huisha wenyewe kwa wiki kadhaa. Usiukande wala kujaribu kuukata kwa vidole, lakini uonyeshe kliniki ili wahakikishe.

Ni mwezi wa nane tangu upasuaji: titi la kushoto limekuwa gumu na limepanda juu.

Kila mwili huzungushia kipandikizi ganda la kovu. Tatizo ni ganda hilo linapokaza. Bakteria wachache walionasa kwenye kipandikizi, au damu iliyovia ndani, huongeza uwezekano. Madaktari hutumia ngazi za Baker, 1 hadi 4: ya 3 titi ni gumu na umbo limebadilika, ya 4 linauma pia. Mtu asikuminye kwa nguvu ili "kulivunja" ganda, kwani kipandikizi kinaweza kupasuka. Ngazi za juu mara nyingi hurekebishwa kwa upasuaji.

Nilifanyiwa Uturuki, nimesharudi nyumbani. Nikipata shida niende wapi?

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi, wekundu unaosambaa, usaha, au titi moja likivimba na kukaza ndani ya saa chache. Kigimbi kimoja kikivimba na kuuma, au pumzi zikikatika pamoja na kichomi kifuani, usisubiri hata asubuhi: inaweza kuwa damu iliyoganda, na safari ndefu ya ndege huongeza hatari hiyo.

Mtu asichome uvimbe kwa sindano bila kuongozwa na ultrasaundi, asije akatoboa kipandikizi. Beba kadi yake yenye jina la mtengenezaji, namba, ujazo, na kama uso wake ni laini au una mikwaruzo. Vipandikizi vya mikwaruzo vya Biocell vya kampuni ya Allergan viliondolewa sokoni duniani kote mwaka 2019 kwa kuhusishwa na aina adimu ya limfoma (saratani ya mfumo wa limfu), ambayo mara nyingi hujitokeza kwa maji kujaa titini miaka kadhaa baadaye. Kama hukupewa kadi, iandikie hospitali iliyokupasua wiki hii na uombe nakala ya rekodi zako.