Umeme wa tope la Dunga: ni bakteria au ni waya?

Swali: Mimi ni mwalimu wa sayansi hapa Kisumu. Wanafunzi wangu walichota tope Dunga, wakalitia kwenye chupa, wakazika kijiti cha kaboni cha betri kuukuu chini na kingine wakakiacha kwenye maji ya juu. Waya tuliotumia umepakwa zinki. Baada ya siku kumi mita inasoma volti 0.4, lakini taa ndogo ya LED haiwaki. Je, kweli ni bakteria?

Jibu: Huenda ni bakteria, mwalimu, ila huo waya unanitia shaka. Zinki ikiloa na kugusana na kaboni, hiyo ni betri kama za redio, haihitaji kiumbe hai yeyote. Tumieni waya wa shaba wenye ganda la plastiki, na kiungo mkizibe kabisa kwa gundi isiyopitisha maji.

Sisi tunapochoma chakula mwilini, elektroni zake hupokewa na oksijeni. Ndani ya tope oksijeni huisha sentimita chache tu chini, kwa hiyo bakteria kama Geobacter hupumulia kutu. Sasa, kutu haiyeyuki, haiwezi kuingia kwenye seli. Basi elektroni ndizo zinazotoka! Hupokezanwa na protini zenye chuma, sitokromu, kutoka utando wa ndani hadi nje. Sitokromu nyingine hujipanga zikawa nyuzi zinazopitisha umeme. Bakteria mwingine, Shewanella, aliyepatikana katika Ziwa Oneida, Marekani, hutumia pia flavini, jamii ya vitamini B2, kuvusha mzigo huo. Kijiti chenu cha chini kwao ni kutu isiyokwisha. Kule juu, oksijeni ya maji huzipokea elektroni hizo.

Mking'oa funjo hapo Dunga, tazameni mizizi: tope ni jeusi, lakini mzizi unaweza kuwa na koti la rangi ya machungwa. Oksijeni inayoshuka ndani ya funjo huvuja mizizini na kuifanya chuma iliyoyeyuka kuwa kutu tena. Mimi hupenda kuanza somo hili kwa mzizi huo mkononi.

LED nyekundu hudai takriban volti 1.8. Hata mkiunganisha chupa tano mfululizo, volti zitaporomoka mara tu inapoanza kuvuta mkondo. Afadhali mfunge rezista (kifaa kinachozuia mkondo kiasi) ya ohmu 1,000 kati ya vijiti na kupima hapo: volti 0.1 ni miliampea 0.1.

Kisha tayarisheni chupa ya pili, vijiti na waya vilevile, ila tope lichemshwe vizuri na kupozwa kwanza. Pimeni zote mbili kila siku kwa wiki moja, rezista ikiwa imefungwa. Iliyochemshwa ikitoa mkondo sawa na mwenzake, basi si bakteria; tafuteni zinki.